Josephine Mishi Masha, Aliyemsemea Malkia

Marehemu Josephine Mishi Masha, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Brandon, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Ribe, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Masha Kiponda na marehemu Dorcas Kadzo. Alifuatwa na ndugu watatu. Kitinda mimba ni Felix, anayewasomea haya, ambaye alibebwa mgongoni na dada yake hata akachelewa kutembea. Hayo ni maneno ya dada, na Felix hakuwahi kuyapinga.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1969. Mwezi Machi 1972 mama yao aliugua ghafla. Mishi alikuwa ametumwa dukani kununua mafuta ya taa, na aliporudi alikuta uani pamejaa watu na mama amekwisha kufariki. Alisema mara nyingi kwamba kilichomuuma zaidi ni kuwa mama aliondoka bila kumwachia neno. Mwaka huohuo aliacha shule akiwa na miaka kumi, akalea wadogo zake. Kiingereza alichotoka nacho darasani kilikuwa cha kumwamkia mwalimu, basi.

Mwaka 1981 alikuja Kisauni, akaanza kuuza mahamri na mbaazi pale Junda. Hapo ndipo alipompata Nicanor Ouma, kijana wa Ugenya aliyekuwa akifunga makontena bandarini Kipevu. Nicanor alikuwa akinunua mahamri ya watu wanne na kuyala peke yake, ili apate sababu ya kuendelea kukaa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985 hapa Kisauni. Walijaliwa Brandon mwaka 1988 na Lynnette mwaka 1991.

Mwaka 1993 Nicanor alinunua televisheni na deki ya video kwa baharia mmoja, na ndani ya deki mlikuwa na kanda iliyosahauliwa. Ilikuwa picha ya zamani ya Wazungu, ya malkia aliyevishwa taji kwa shangwe, kisha mumewe akamchoka, akasingiziwa mabaya na kuhukumiwa kufa akiwa na binti mdogo. Mtu na mkewe wakafungua kibanda cha video. Jioni zilikuwa za wanaume na picha zao za ngumi. Jumatano alasiri ilikuwa ya wanawake na malkia wao.

Kwa kuwa Kiingereza kiliwapita wote, Mishi alijifunga leso kiunoni, akasimama kando ya televisheni na kuwasemea wale Wazungu mmoja mmoja. Mfalme akiita, malkia wa Mishi aliitika "Abee, bwana," kama mwanamke aliyelelewa. Mabalozi wenye soksi ndefu aliwafanya mawakala wa forodha, maana ndio watu wakubwa aliowasikia kwa mumewe. Magauni yale yenye mikono mipana yalijadiliwa mpaka bei ya kitambaa. Kisha ikafika siku ya malkia kufa. Malkia alipanda jukwaani, akafungua kinywa, na Mishi akasema: "Mwanangu, wanakwambia mamako alikuwa mbaya. Usibishane nao. Kula ushibe, kua, na ukilia usijifiche." Wanawake walilia kwa leso zao, wakaenda nyumbani kupika, na Jumatano iliyofuata wakarudi kulia upya. Waislamu kwa Wakristo, miaka kumi na miwili.

Tarehe 10 Agosti 2005 Lynnette alikuwa likizoni kutoka kidato cha kwanza shule ya bweni. Alikuwa na miaka kumi na minne na Kiingereza kipya. Malkia alipopanda jukwaani, Lynnette alisimama mbele za watu.

"Mama, hasemi hivyo! Mtoto hata hatajwi. Anamsifu mfalme, anawaambia watu wamwombee."

Hakuna aliyecheka. Mishi aliizima televisheni, akafungua leso kiunoni na kusema, "Basi. Aliyesoma amesema."

Hakumsemea malkia tena. Wanawake waliokuja aliwaambia deki imeharibika, na mwaka huo haujaisha alirudi kwenye mahamri. Hakumchapa Lynnette wala hakumnunia. Alimlipia karo, akacheka naye, akampikia. Ila sauti ile ya Jumatano haikusikika tena nyumbani, na Lynnette alijua nani aliyeizima. Alikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza, jambo ambalo mjomba wake Felix aliliona ni adhabu ya kutosha. Kila alipojaribu kuomba msamaha, mama alimjibu, "Msamaha wa nini, wa kusoma?" kisha akauliza kama mbaazi zimeiva. Lynnette alitaka jambo moja tu, kumsikia mama akisema tena vile, na miaka ilikwenda bila ya kulipata.

Nicanor alifariki mwaka 2011, akazikwa hapa Kisauni kwa ombi lake mwenyewe. Ndugu yake, shemeji yetu Jacktone, alikuja kutoka Ugenya kupinga, akitaka azikwe kwao, akala mahamri ya Mishi siku tatu, akakubali.

Mwaka 2023 madaktari walimwambia Mishi kuwa moyo wake umepanuka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na kufikia Januari mwaka huu wa 2025 maneno mawili matatu yalimchosha. Lynnette aliomba ruhusa kazini akaja kumuuguza. Siku moja alimwambia Bi. Jalila, jirani wa tangu kibanda kifunguliwe, kwamba yeye ndiye aliyewaharibia Jumatano zao kwa kusema ukweli.

"Ukweli upi, mwanangu?" Bi. Jalila akamjibu. "Sisi sote twalijua. Mamako angejulia wapi Kizungu? Wallahi hatukuwa twaja kwa ajili ya yule mke wa Kizungu. Twaja kumsikiza Mishi. Nenda kamuwekee picha yake, nawe umsemee."

Jumatano tarehe 5 Februari, alasiri, Lynnette aliitafuta picha ile kwenye simu, akaiegemeza juu ya mto na kuketi kitandani kwa mama. Bi. Jalila na Felix walikuwapo. Lynnette alijifunga leso, akaanza. Aliitika abee, akawaleta mawakala wa forodha, na mgonjwa akatabasamu. Malkia alipopanda jukwaani, Lynnette alisema, "Mwanangu," akashindwa kuendelea. Alilia mbele yetu, mwalimu mzima.

Mishi alinyoosha mkono, akaigeuza ile simu, uso wa malkia ukalala kwenye shuka. Akamtazama binti yake.

"Mwanangu," akasema, na pumzi ikamtosha, "siku ile ulisema kweli. Mimi niliona haya, si hasira. Nilikuwa nasema maneno niliyotaka mimi mamangu aniachie. Ulipoanza kuja wewe kibandani, nikawa nakwambia wewe. Nilidhani wajua."

Hakuishia hapo. Alimwambia aolewe na anayemchekesha, au asiolewe. Alimwambia asimwachie Brandon mambo yote ya nyumba, na kwamba mbaazi hazitiwi chumvi mapema. Kwenye ile simu iliyolala muziki wa mwisho ulipigwa ukakoma, naye bado alikuwa akisema, polepole, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache, mpaka alasiri ikaisha. Lynnette hakumkatiza.

Josephine Mishi Masha alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Brandon na Lynnette, mkwe mmoja, Carolyne, wajukuu wawili, ndugu zake watatu, shemeji yake Jacktone, na Bi. Jalila, ambaye ameketi hapa mbele pamoja na familia kwa sababu ndipo mahali pake.

Apumzike sasa dada yetu. Aliyokuwa nayo moyoni ameyasema, na mwenyewe aliyeambiwa ameyasikia.