Bata wa Bati Kakataa Kunyoosha Njia

Benchi hili ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia huwa wanasahau. Nililipigilia misumari mwenyewe, nje ya kibanda changu cha kushona viatu, ili mteja apate pa kukaa gundi ikikauka. Siku hizi mteja anasimama, wenye benchi ni wengine. Yupo Mwalimu, aliyestaafu shule lakini hajastaafu kufundisha. Yupo kinyozi wa mlango wa pili, tunayemwita Methali kwa kuwa hana sentensi isiyo na methali, wala hana methali iliyokaa mahali pake. Aliacha sigara mwaka jana, na tangu hapo anatafuna chingamu kutwa, taya halipumziki. Yupo Mama Kahawa, anayemimina kahawa polepole na maneno harakaharaka. Na yupo Fundi Saa, jirani yangu wa ukuta, mtu mzima mwenye mvi, ambaye rafu zake za juu hazina saa hata moja. Zina treni za bati, pia za mbao, panya wa kutia ufunguo, mwanasesere mwenye jicho moja, na gari la waya ambalo alimpa mtu saa ya ukutani ndipo akalipata. Asubuhi hiyo alitoka na shati lililopigwa pasi, akamweka bata wa bati katikati ya benchi langu, akamtia ufunguo, akamwachia. Bata akapiga hatua tatu, akakata kushoto, akazunguka duara zima, akarudi alipoanzia.

Fundi Saa: Mmeona? Wiki tatu hizi ananifanyia hivi hivi.

Methali: Si nilikwambia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Kahawa: Bata wa bati amsikie mkuu gani?

Methali: Mimi nimesema tu. Mwenye kuelewa kaelewa.

Mimi: Mtoe juu ya benchi langu, ataacha mikwaruzo.

Fundi Saa: Jamani, leo msinifanyie mzaha. Dada yangu anapita hapa akielekea kwa binti yake. Anashuka stendi saa nne. Nataka nimkabidhi bata huyu akiwa anatembea, tena anatembea sawasawa.

Mwalimu: Ulimfungua ndani?

Fundi Saa: Kipande kwa kipande. Springi nzima, meno ya gia hayajalika, ekseli imenyooka. Siku ya kwanza tu nilimlaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Nikamkwangua uchafu wote. Chini ya mguu wa kushoto alikuwa na donge jeusi, gumu, sijui kakanyaga nini huko alikotoka. Nilitoka jasho kulibandua.

Methali: Maji ukiyavulia nguo...

Mwalimu: Yalikuwa mafuta ya taa.

Methali: Hata hayo, ukiyavulia nguo.

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, nikajua tumekwisha. Alipokuwa anafundisha jiografia, watoto walikuwa na kengele ya kuwaokoa. Sisi hatuna.

Mwalimu: Sikilizeni. Tatizo haliko kwa bata. Liko chini yake. Dunia inazunguka, sivyo? Sasa kitu chepesi kikitembea juu ya kitu kinachozunguka, lazima kipinde. Bata huyu anakata kushoto kwa sababu ya pale tulipo duniani. Tukimpeleka ng'ambo ya Ikweta, atakata kulia.

Mama Kahawa: Na pale pale juu ya Ikweta?

Mwalimu: Pale atanyooka. Au atasimama. Hilo halijafanyiwa utafiti.

Mimi: Mimi nami ni mwepesi, Mwalimu, na kila siku nanyoosha mpaka nyumbani.

Mwalimu: Una uhakika? Umewahi kujipima?

Methali: Hapana, hapana. Mwalimu umesoma, lakini bata humjui. Bata hutembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Huyu yuko peke yake. Amfuate nani? Kageuka, kauona mkia wake mwenyewe, kasema afadhali huyu. Anajifuata! Mchumia juani hulia kivulini.

Tukamwangalia bata upya, maana ukiitoa hiyo methali, maneno yalikuwa na akili. Methali mwenyewe alishtuka, akatafuna kwa nguvu.

Mama Kahawa: Mnahangaika bure. Kitu kikizunguka namna hii, mwenye kitu ana neno limemkwama. Nimeuza kahawa miaka ishirini, namjua mtu mwenye neno. Fundi, tangu nije hapa unanunua midoli mikuukuu ya kila aina. Ila gololi hununui. Yule muuza vyuma chakavu alikuletea chupa nzima ya gololi nzuri, ukamfukuza kama kibaka. Una nini na gololi?

Fundi Saa alikitazama kikombe chake. Akakiweka benchini.

Fundi Saa: Nilikuwa na miaka saba, dada yangu tisa. Baba alituletea bata mmoja wa bati, wa manjano kama huyu. Akasema ni wenu wote wawili. Mtoto wa jirani alikuwa na gololi, zile zenye rangi zimejisokota ndani. Nikampa bata, akanipa gololi kumi na mbili. Jioni baba akauliza, bata yuko wapi? Nikasema dada kampoteza.

Mama Kahawa: Akachapwa.

Fundi Saa: Alichapwa. Ningeweza kusema la kipigo limepita. Lakini jambo halikuishia pale. Likawa mzaha wa ukoo. Msimpe huyo kitu, atakipoteza kama bata. Kasoma, kaolewa, kapata wajukuu, mpaka leo wanamwambia. Mama alipofariki, pete yake ilitakiwa iende kwa dada. Walimpa shangazi aitunze. Walisema, yule mnamjua, hupoteza vitu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mkekani. Sikufungua mdomo.

Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa pamoja. Nikavuta kiatu cha mteja nikaanza kukipiga nyundo, kumbe nilishakimaliza jana.

Mwalimu: Kwa hiyo midoli yote hii...

Fundi Saa: Nilikuwa namtafuta bata. Hayo mengine nilikuwa nakutana nayo njiani. Huyu nimempata kwenye sanduku la takataka za nyumba iliyobomolewa, kule tulikokulia. Najua si yule. Walitengenezwa bata wengi wa namna hii. Lakini anafanana naye, na leo dada anakuja, na siwezi kusimama mbele yake na maneno matupu. Nataka bata atangulie, mimi nifuate nyuma.

Methali: Ushauri wangu, ndugu yangu? Funika kombe mwanaharamu apite. Mpe bata, sema zawadi, mambo yaishe.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kuitumia methali inavyotakiwa, na ulikuwa ushauri wa hovyo. Mama Kahawa alimnyang'anya kikombe.

Mama Kahawa: Wewe ukimaliza hapo nenda kanyoe. Fundi, utasema. Bata azunguke, anyooke, apae, utasema.

Mwalimu: Ila tukimwelekeza kaskazini, halafu tuinue benchi upande huu...

Mimi: Benchi langu haliinuliwi!

Lakini walishaliinua. Mwalimu kashika mguu mmoja, Methali kashika mwingine, Fundi kamtia bata ufunguo kwa mara ya ishirini, Mama Kahawa kakumbatia birika lisimwagike. Bata akapiga hatua tatu. Akakata kushoto. Akaanza duara lake. Na sauti ikatoka nyuma yetu, ya mwanamke, haina haraka.

– Na ile lami ya mguu wa kushoto mmeipeleka wapi?

Tuligeuka. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, begi begani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Hakutuangalia sisi, alimwangalia bata. Fundi Saa alikuwa ameinama vilevile, mkono hewani.

Fundi Saa: Dada. Shikamoo.

Dada: Marahaba. Basi limewahi, nikauliza watu kwa fundi saa ni wapi. Nimeuliza lami.

Fundi Saa: Lami ipi, dada?

Dada: Si ulimdondosha dirishani? Mguu ukapinda, akawa hajui kwenda, anazunguka tu. Ukalia mpaka ukalala. Wakati ule walikuwa wanatia lami barabara yetu. Nikatoka, nikabandua kipande kabla hakijakauka, nikakibandika chini ya mguu. Asubuhi umeamka, ukashangilia kwamba bata kapona mwenyewe. Nikakuacha ujue hivyo.

Niliona jambo linamfikia Fundi polepole, kama anayesomewa barua. Donge jeusi. Wiki tatu anatafuta ugonjwa, kumbe siku ya kwanza alibandua dawa. Kosa la fundi saa hilo, mwingine asingelifanya: yeye akiona uchafu hawezi kuuacha.

Fundi Saa: Kwa hiyo huyu siye anayefanana naye. Huyu ndiye.

Dada: Sasa unafikiri namuulizia lami bata wa watu?

Mwalimu: Uzito! Ndiyo fizikia niliyokuwa naieleza!

Mama Kahawa: Ulikuwa unaeleza Ikweta.

Dada akavaa miwani. Akatuangalia mmoja mmoja, kama anachagua nyanya, akamfikia Methali. Akamnyooshea kiganja.

Dada: Tema.

Methali: Shikamoo.

Dada: Marahaba. Tema hiyo chingamu.

Kinyozi mzima na ndevu zake akatema. Dada akaisokota kwa vidole viwili, akampindua bata, akaibandika chini ya mguu wa kushoto, akaikandamiza kwa ukucha. Akamtia ufunguo mwenyewe, bila kuuliza ni mara ngapi. Mwalimu na Methali wakashusha benchi langu taratibu sana.

Bata akapiga hatua tatu. Ya nne. Ya tano. Akapita goti la Mwalimu, akapita vikombe, hakukata kushoto wala kulia, anatingisha kichwa na kugonga mbao zangu tik, tik, tik, mpaka ukingoni, na Fundi Saa akamdaka kwa mikono miwili.

Tulipiga kelele ambazo sijawahi kupiga hata siku ya harusi yangu. Mama Kahawa alirusha kisosi hewani. Mteja wa Methali, aliyesahaulika kitini, alitoka na nusu ya kichwa imenyolewa, akashangilia bila kujua nini. Nami nikapiga nyundo kwenye bati la kibanda changu mpaka kutu ikamwagika.

Fundi Saa hakushangilia. Alisubiri tukatulia.

Fundi Saa: Dada, bata hukumpoteza wewe. Mimi nili...

Dada: Najua. Nilijua siku ile ile. Ulikuwa ukipiga hatua, mfuko wako unalia gololi.

Fundi Saa: Mbona hukusema?

Dada: Ulikuwa na miaka saba, na baba alikuwa na mkanda mkononi.

Fundi akafuta macho kwa mkono wa lile shati la pasi. Kisha, bila kuomba ruhusa, akapanda juu ya benchi langu na viatu vyake. Nikamwacha. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa.

Fundi Saa: Shangazi, shikamoo.

Simu: Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?

Fundi Saa: Shangazi, dada hakumpoteza yule bata. Hajawahi kupoteza kitu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa jirani, nikabadilishana na gololi, nikamsingizia. Nataka umwambie kila mtu. Kila mtu, shangazi.

Mama Kahawa alimfinya Methali asije akatoa methali.

Simu: Na bata yuko wapi?

Fundi Saa: Ninaye mkononi. Anatembea.

Simu: Huyo dada yako yupo hapo?

Dada: Nipo, shangazi. Shikamoo.

Simu: Mwanangu, njoo uchukue pete yako. Njoo kesho. Mimi nitaanza kupiga simu sasa hivi, na kwanza nampigia baba yako mdogo, maana yeye ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote.

Tukashangilia upya. Dada alikaa kwenye benchi langu, akajipepea kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka, meno yote. Mama Kahawa akainamisha birika ammiminie. Likatoa matone mawili.

Mama Kahawa: Imekwisha, mama. Wamekunywa hawa.

Dada: Si kitu. Kuna neno moja tu nataka kuuliza. Baba alisema bata ni wetu wote wawili, siyo?

Fundi Saa: Ndiyo, dada.

Dada: Basi gololi sita ni zangu. Ziko wapi?

Tukamtazama Fundi. Mtu anayefukuza gololi mlangoni, tulifikiri amekwama. Akashuka, akaingia dukani, tukasikia droo ya chini ikivutwa, ile ambayo huwa haifunguki. Akarudi na kopo la rangi ya viatu, limeshika kutu. Ndani mlikuwa na gololi kumi na mbili, safi, hazina hata alama ya kupigwa.

Dada: Hukucheza nazo?

Fundi Saa: Hata siku moja.

Dada akaweka begi chini. Akachuchumaa pale pale vumbini, mama mwenye wajukuu, akachora duara kwa kidole, akazipanga.

Dada: Anza wewe. Mwizi ndiye anayeanza.

Fundi akachuchumaa, akafumba jicho moja kama anatazama ndani ya saa, akapiga, akakosa. Mwalimu akasema ni mzunguko wa dunia. Dada akapiga, gololi ikalia. Wote wakashuka chini kutazama karibu, hata yule mwenye nusu ya nywele. Benchi likabaki tupu, nami nikalikalia mwenyewe, mara ya kwanza mwaka huu, nikampakata bata.