Fundi Saa Amekakamaa

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya duka la vipuri lilijaa mapema, maana habari mbaya huamsha watu kuliko jogoo. Fundi Saa, mwenzao mwenye ule ugonjwa wa kutetemeka, alikuwa amekakamaa ghafla kama ubao. Juzi alitembea, taratibu lakini alitembea. Leo hageuki kitandani, hatamki neno, hata mate yanamshinda kumeza, na daktari ameitwa nyumbani. Mlinzi, aliyetoka zamu, alishika kikombe cha kahawa bila kunywa. Alimpenda Fundi Saa. Alitaka mtu aseme neno la kumtuliza, na wenzake hawakuwa wachoyo wa maneno.

— Ni baridi, alisema Dereva. Mwili ni injini. Usipoupasha moto, asubuhi hauwaki.

— Baridi ipi, na joto hili? alijibu Mitumba, muuza nguo. Hilo ni jicho la watu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Na nguo zenyewe nani kamuuzia, kama si wewe?

— Acha utani. Basi ni zile saa zake. Ukuta mzima unagonga, kila saa na wakati wake. Viungo vya mtu vifuate ipi? Vimegoma.

Mlinzi alikohoa.

— Haiwezi kuwa mambo ya dawa?

— Dawa? Mitumba alicheka. Vidonge anavyo tele. Mgongo wangu huu nani kaulegeza? Si yeye alinigawia?

— Hata mimi, vya kiuno, alisema Dereva. Vikiisha narudi, hajawahi kuninyima.

— Umeona? Mwenye vya kugawa atakosaje vya kumeza? Wewe kidogo, mimi kidogo, haba na haba hujaza kibaba.

Mlinzi hakucheka. Naye alikuwa amepita kwa Fundi Saa kuomba vidonge vya goti lake. Mzee alimkung'utia kopo mkononi, akasema: "Chukua, ndugu yangu. Wewe unasimama usiku kucha, mimi kazi yangu ni kukaa."

Hapo binti wa Fundi Saa akatokea, amevaa kandambili za baba yake.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Mgonjwa anaendeleaje?

— Bado. Daktari anasema vile vidonge havikatizwi ghafla, mwili hukakamaa hivyo. Kopo nimelikuta tupu, na nilileta jipya majuzi tu. Nyinyi mnashinda naye. Mara ya mwisho mlimwona akimeza lini?

Dereva alitazama ndani ya kikombe. Mitumba alikunja shati lililokwisha kukunjwa. Mlinzi alijaribu kukumbuka. Alimwona Fundi Saa akigawa, siku nyingi, kwa watu wengi. Akimeza, hakumbuki.

Alitoa kikaratasi chenye vidonge mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha binti.

— Hivi ni vya baba yako. Kimbia navyo kwa daktari.

Binti hakukimbia. Aliwageukia wale wawili, akangoja.

— Vyangu viko garini, alisema Dereva, akainuka.

— Mimi, alisema Mitumba kwa sauti ndogo, vyangu nimemeza leo asubuhi.