Jezi ya pombe

Ndani ya taksi ya kwenda Iga Barrière, Muzee Alexis, kocha wa timu ya baiskeli, alikuwa amepakata jezi mpya. Mama Kanyere, jirani yake wa kiti, akauliza ni za nani. Alikosea kuuliza, maana muzee alianzia mwaka wa themanini na sita.

"Siye tulianza na jina la tajiri wa kahawa. Alipohama, tukaitwa Sabuni, sababu mwenye sabuni alitupatia matairi. Sasa ni kiwanda cha pombe. Lakini Élisée, kijana wangu mwenye mbio zaidi, ni mutoto wa pasta. Anakataa kubeba pombe ku mugongo."

"Iko na haki. Mubakie Sabuni, haina zambi."

"Sabuni ilifunga, mama."

Mimi, niliyebanwa kiti cha nyuma yao, nilikumbuka enzi za Sabuni: walikuwa wanafika wa mwisho, lakini wasafi.

"Akikataa, wenye pombe wanaondoka, na vijana kumi wanabaki na miguu tu. Angekuwa mutoto wako, ungemwambia avae?"

Taksi ikasimama. Mama akachukua jezi moja, akaipima mabega kwa kiganja, akairudisha taratibu.

"Mutoto wangu ni mwembamba kuliko hii," akasema, akashuka.