Namba Niliyompa Muuguzi

Wamama na wababa, mnivumilie nikisema huku nimesimama. Leo nimeketi kwenye benchi la kanisa nusu saa nzima, na kwa nusu saa hiyo namshukuru Mungu mbele yenu. Kuna wakati sikuweza kuketi hata dakika moja.

Nitaeleza polepole, kwa sababu wengi mlidhani ni ugonjwa wa aibu.

Ilianza kule Mabalako. Ilikuwa asubuhi, mimi na wifi yangu tulikuwa shambani tunapasua kakao, risasi zikaanza kulia karibu. Tukakimbia. Niliteleza nikaangukia kisiki, mguu mmoja huku, mwingine kule, kikanipiga hapa chini ninapokalia. Nikainuka nikaendelea. Nyuma yangu wifi aliniita mara mbili. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikugeuka. Mimi nilifika barabarani, yeye hakufika. Mpaka leo hatuna kaburi lake.

Tulikimbilia Butembo. Kidonda kikapona, maumivu yakabaki. Nikiketi, ni kama nimewekwa juu ya makaa. Na kila yalipokuja, sauti ile ya wifi ilikuja nayo. Nilipewa dawa za maambukizi mara tatu, nikanywa mizizi, nikaombewa. Mwishowe daktari mmoja wa Musienene akanisikiliza hadi mwisho. Akasema: “Mama, kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga. Uliumia, na bado unapiga kelele hata kama kidonda kimefunga.” Akaniambia hospitali moja ya Butembo inatafuta watu wenye maumivu kama yangu ili kujaribu dawa. Akaniandikia barua.

Shemeji yangu alipoiona barua alicheka sana.

“Lakini, shemeji, unaenda kuwa kobayi ya bale batu? Batakupima dawa sawa vile banapima ku panya!”

“Panya haulizwi kama anakubali,” nikamjibu. “Mimi nitauliza.”

Na niliuliza. Pale hospitalini walinisomea karatasi yote kwa Kinande. Sikutakiwa kulipa chochote. Ningeweza kuacha siku yoyote bila kufukuzwa hospitalini. Wengine wangepata vidonge vyenye dawa, wengine vidonge vinavyofanana navyo lakini ni vitupu, na hata muuguzi asingejua nani kapata vidonge gani. Mwisho wa utafiti, waliopata vitupu wangepewa dawa yenyewe kama itaonekana inasaidia. Nikatia sahihi.

Nikapewa daftari. Kila jioni niandike namba: sufuri kama hakuna maumivu, kumi kama hayavumiliki. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa letu sisi. Mtu amekupokea vizuri, amekupa dawa bure, anauliza habari yako. Utamjibu kwa malalamiko? Niliandika tatu. Kisha mbili. Ukweli ulikuwa nane. Na kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo: yule aliyeniita hakupata hata nafasi ya kuumwa. Mimi ni nani nilie?

Siku moja muuguzi alisoma daftari, kisha akaniangalia.

“Mama, hapa kunaandikwa mbili.”

“Ndiyo, iko mbili tu. Aksanti sana.”

“Mbona tangu asubuhi uko unasimama ku ukuta, na viti biko bitupu?”

Akavuta kiti. “Basi ikala kidogo.”

Sikuweza. Nikaanza kulia, nikamwambia yote: namba, kisiki, wifi. Nilijua nimejifukuza mwenyewe kwenye utafiti. Hakunigombeza. Alinieleza: “Mama, kama watu wenye vidonge vitupu wanaandika kwamba wamepona, dawa nzuri itaonekana haina maana. Itatupwa. Na wewe hautaipata, na mwingine hataipata.” Akasema daktari ndiye ataamua kama nitabaki.

Nililisubiri siku nne lile jibu, bila usingizi. Daktari alinibakisha. Hawakufuta chochote, kurasa zangu za kwanza ziliwekewa alama kwamba haziaminiki. Kuanzia siku ile niliandika nane. Nane, nane, tisa. Niliona kama natukana mtu.

Utafiti ulipoisha, walifungua orodha. Vyangu vilikuwa vitupu! Hebu fikirini: zile mbili zangu za adabu zilikuwa zinasema uongo dhidi ya dawa yenyewe. Kisha nikapewa dawa, pamoja na mazoezi ya nyonga. Leo namba yangu ni nne, siku mbaya ni tano. Sijapona kabisa, na sitawadanganya.

Baada ya kumwambia muuguzi, ilibidi nimwambie mama mukwe wangu, mama mzazi wa wifi. Nilimkuta anachambua maharagi. Nilipomaliza, aliuliza kitu kimoja tu.

“Alikuita namna gani?”

“Kwa jina yangu, mama. Mara mbili.”

“Kwa nguvu?”

“Kwa nguvu.”

Akaendelea kuchambua kwa muda mrefu, akiacha mawe na maharagi vichanganyike. Kisha akasema: “Kesho utanielezea tena.” Nikamweleza tena. Bado ananiuliza, na mimi bado namweleza.

Namshukuru yeye kwa kutonifukuza nyumbani kwake. Namshukuru daktari wa Musienene kwa kusikiliza, na muuguzi aliyeona viti vitupu. Shemeji naye namshukuru, maana ndiye aliyenipeleka kila mara kwa piki yake, nikisimama kwenye vikanyagio, yeye akilalamika njia nzima.

Mtu akiwaambia kuna utafiti, ulizeni nani anaufanya, nani atawalinda, na kama mnaweza kuacha. Wakidai pesa, rudini nyumbani. Mkikubali, semeni maumivu yenu jinsi yalivyo, hata kama mnaona hamkustahili kubaki hai kuyasema.

Kama kuna mwenye maumivu ya namna hii hapa ndani, anitafute tukitoka. Sitamuuliza yalianzaje. Tutaanza na barua ya daktari.