Kwa Nini Nilikuwa Nikikohoa Mlangoni kwa Mama Lin

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Ezron, Mwenyekiti wa Mtaa. Mchungaji wetu na wazee wa kanisa. Mama Lin, mwenye mgahawa huu hadi jioni ya leo. Kaka yangu mkubwa Jairo, uliyeshuka kutoka Ibaba na fimbo yako na mashaka yako. Ndugu madereva mlioyaacha malori kwenye foleni ya mpakani mkaja kuketi nasi. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Nawasalimu nyote kwa heshima, na nisiowataja wanisamehe, maana mzee akianza kutaja watu mmoja mmoja, chakula hupoa.

Naomba radhi kwa kuwachelewesha. Sababu ya kwanza ni koti hili. Nilishonewa kwa ajili ya harusi ya mwanangu Gwamaka, na siku ile lilifungika vifungo vyote bila ubishi. Leo nimeshindana nalo tangu asubuhi, nikavuta pumzi, nikaomba, na vifungo vikakataa katakata. Fundi hana kosa. Kosa ni la mapishi ya humu ndani. Sababu ya pili ni kwamba nilisimama hapo nje ya mlango kwa kitambo, nikitafuta ujasiri wa kuingia. Kwa nini mteja wa kila siku ahitaji ujasiri wa kuingia mgahawani? Nivumilieni, nitafika huko.

Nimeombwa niseme maneno ya kumuaga Mama Lin, anayerejea kwao China kumtunza mama yake aliyezeeka. Nilipomuuliza Mwenyekiti kwa nini amenichagua mimi, alinijibu bila huruma, "Mzee Mbonile, mtaa mzima hakuna aliyekula pale kukuzidi wewe." Nilitegemea angetaja busara yangu. Nilitegemea walau angetaja umri, au Kiswahili nilichochapiwa fimbo na walimu wa misheni. Akataja tumbo.

Na amesema kweli. Mke wangu Enesi alipolala usingizi wa mwisho, niligundua kwamba mimi niliyeweza kusoma zaburi ndefu bila kukwama, sikujua chumvi hutiwa kwenye maharage kabla au baada ya kuiva. Ugali wangu wa kwanza niliupika kwa bidii kubwa. Paka akaja, akaunusa, akanitazama usoni, akaenda zake. Habari hizo zikamfikia Gwamaka, naye akanileta hapa Tunduma, akanipangia chumba jirani na nyumba yake, ili mkewe, Atupele, awe ananipikia. Angalieni, nimesema "awe ananipikia." Sikusema "awe ananiletea."

Ninyi mliokulia kwingine mtanisamehe nikieleza. Kwetu, katika nyumba tulizolelewa huko milimani Ileje, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Si chuki, ni heshima. Akinisikia naja, hupisha njia. Hatuketi meza moja, hanipokezi kitu mkononi, nami simpokezi. Chochote kinachotoka kwake kuja kwangu lazima kibebwe na mtu wa tatu. Kwa hiyo mkamwana wangu nilimjua kwa upishi wake na kwa kisigino chake, kwa maana kila nilipotokeza, kilichowahi kuonekana ni kisigino kikiingia ndani.

Tuliishi hivyo, na tuliishi vizuri. Kisha Mama Lin akafungua mgahawa huu, akamwajiri Atupele jikoni, na chakula changu cha mchana kikahamia hapa. Ndugu zangu, chakula kikihama, mwenye njaa hahubiri. Hufuata.

Siku ya kwanza nilifika mlangoni pale, nikafanya anachofanya baba mkwe yeyote mwenye adabu. Nikakohoa. Nikakohoa vizuri, kutoka chini kifuani, ili aliye jikoni asikie na kuvuta pazia. Pazia likavutwa, nami nikaketi nimeridhika. Lakini Mama Lin naye alikuwa amesikia. Mnajua Kiswahili chake amefundishwa na madereva. Alinisogelea, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, hicho kifua noma."

Akaniletea kikombe cha tangawizi ya moto, kali kama dhambi. Ningesema nini? Misheni hatukufundishwa kukataa kinywaji cha mwenyeji. Nikanywa, machozi yakanitoka, na yeye akayahesabu machozi yale kuwa ni dalili nyingine.

Kesho yake vyombo vya mvuke vilikuwa vinanguruma, nikalazimika kukohoa kwa nguvu zaidi. Kwenye tangawizi kukaongezwa kitunguu saumu. Wiki iliyofuata nikahamishiwa meza ya pembeni, karibu na dirisha, nikadhani nimepandishwa cheo. Kumbe nilikuwa nimetengwa! Dereva mmoja, naye yumo humu ndani, anacheka, aliniona nikiingia akachukua sahani yake na kusema, "Mama, mimi nina safari ya Lusaka, usije ukaniua." Nami mzee wa kanisa nikamwinamia kichwa kwa upole, nikidhani ananipisha kwa heshima.

Aliyeniokoa ni Pendo, binti wa Vwawa anayetuhudumia mezani. Siku moja Mama Lin alimwambia asinikaribie bila kufunika pua. Pendo akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, mzee haumwi! Anapiga honi kwa mkwe wake!"

"Anapiga honi?" akauliza Mama Lin.

"Ndiyo, mama. Ili Dada Atupele ajifiche."

"Na mimi siku zote hizi nampa dawa?"

Mama Lin akaketi juu ya gunia la unga, akacheka mpaka akaniomba msamaha, kisha akacheka tena. Nami nikacheka, ndugu zangu, ingawa kwa siri niliisikitikia ile tangawizi. Nilikuwa nimeanza kuizoea.

Naomba sasa niseme juu ya chakula chenyewe, na hapo pia sina sifa ya kujivunia. Mnavijua vikapu vile vidogo vya mianzi, vinavyokuja mezani vikifuka mvuke, ndani yake zile tunazoziita sambusa za mvuke na maandazi meupe yenye nyama. Nilipewa vijiti viwili nilie navyo. Nikaibana sambusa ya kwanza kwa adabu. Ikaponyoka, ikaruka, ikaingia kwenye kikombe cha jirani. Ya pili niliichoma kama mtu anayechoma samaki. Tangu hapo Pendo huniwekea kijiko kabla sijaketi, naye hukiweka chini chini, kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

Kisha ikafika siku ya miguu ya kuku. Kikapu kikafunguliwa mbele yangu, na humo ikawamo miguu mitupu ya kuku, imelala kwenye mchuzi. Niwaulize ninyi wazazi: kuku akichinjwa, firigisi ni ya nani? Ya baba. Na miguu? Ya watoto, wakainyonyee nje. Nilikitazama kikapu kile, na moyoni nikaitisha kikao cha ukoo. Nilifungua kikao, nikahutubia, nikatoa hukumu, na yote hayo nimekaa kimya nimeshika kijiko. Mwishowe nikamwita Pendo. "Mwanangu, kamwulize mpishi, kwa heshima zote, nimemkosea nini."

Akaenda, akarudi. "Baba, anasema hujamkosea. Anasema kwao Mama Lin hicho ni chakula cha wageni wakubwa, na leo alitaka ule kama mgeni mkubwa."

Basi nikala. Nikanyonya mifupa ile mbele za watu, na kikao cha ukoo kikaahirishwa.

Lakini kesho yake, kikapu kilipofunguliwa, niling'ata sambusa ya mvuke, na ndani yake nikakuta firigisi. Imekatwa ndogo ndogo, imechanganywa na majani ya vitunguu. Pendo hakuwa na ujumbe wowote. Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti. Mkamwana alikuwa amesikia swali langu, akalijibu kwa njia pekee iliyokuwa wazi kati yetu. Niliinamisha kichwa, na jirani zangu wakadhani ninasali. Nilikuwa natafuna polepole, nisimalize.

Mama Lin alipoionja, aliiandika ubaoni siku ile ile. Leo hakuna anayepita hapa bila kuagiza firigisi ya mvuke, na hata wageni wetu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambao Mama Lin huwaamkia kwa lugha yao "mulishani" kabla hawajakanyaga kizingiti, huifuata hiyo. Kwa hiyo, ndugu mliokuwa mkiwasifu Wachina kwa kuigundua firigisi, samahani sana. Sifa zenu zilipotea njia.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mama Lin anaondoka, na mgahawa huu, pamoja na vyombo vyake na jina lake, amependa kumwachia Atupele. Mtaa ulifurahi. Atupele akakataa.

Gwamaka alinipigia simu akiwa njiani na lori, huko Zambia. "Baba, amekataa."

"Kwa nini?"

"Anasema mwenye mgahawa hukaa mbele. Hupokea wageni, husimama mezani kwao. Sasa wewe ukiingia yeye akimbie, wateja wacheke? Au akuzuie wewe usije? Anasema bora auache mgahawa, kuliko aupate halafu akufungie mlango wa chakula."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Baba, uko hewani?"

"Nipo."

"Baba, unalia?"

"Hapana, mwanangu. Ni tangawizi."

Ndugu wageni waalikwa, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nilifanya la kiungwana: niliacha kuja, ili nisiwe kikwazo. Nikapika mwenyewe. Tusilizungumzie jambo hilo. Jioni Pendo akanigongea na kikapu mkononi. "Baba, anasema usipokuja, yeye hautaki mgahawa. Na anasema harufu ya ugali ulioungua imefika mpaka kwake."

Nilipokuja kurudisha kikapu, Mama Lin akaniketisha. "Mzee," akasema, "kwetu siku ya harusi, bibi arusi anampa baba mkwe chai, mikono miwili. Mzee akinywa, yule ni mtoto wa nyumba. Kwenu mnakimbiana. Zote ni heshima. Ila ya kwenu inapoza chakula."

Nikapanda gari kwenda Ibaba kwa kaka Jairo, kwa kuwa jambo la ukoo haliamuliwi na mtu mmoja mwenye njaa. Aliniacha niongee mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Yesaya, heshima waliyoishika baba zetu hadi kaburini, wewe uifungue kwa sababu ya maandazi?"

"Kaka, si maandazi. Ni maendeleo ya akina mama."

"Yesaya."

"Naam, kaka."

"Ni maandazi?"

"Ni maandazi, kaka. Na firigisi."

Kaka alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Alipopata pumzi akasema maneno ambayo nayaleta hapa kama alivyoyasema: "Basi nenda ukayaseme hivyo hivyo mbele za watu, usisingizie maendeleo. Heshima haivunjwi chumbani kama yai lililoibwa, hufunguliwa hadharani. Mwite kwa jina lake. Mwambie ni mtoto wako. Akitoka, ametoka. Asipotoka, usimlaumu, wala usimtume mtu akamvute."

Kaka Jairo, nimesema, na Diwani amesikia: ni maandazi. Lakini hukuniuliza swali la pili, nami naomba nilijibu bila kuulizwa. Tangu Enesi alale, hapa duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kila siku kama nimekula au sikula, na mtu huyo nilikuwa simwoni.

Mama Lin, dada yangu, ulinitibu ugonjwa nisiokuwa nao, ukanilisha nikiwa mpweke, na hukuwahi kunicheka nyuma ya mgongo. Ulinicheka usoni, kama ndugu. Salamu zangu kwa mama yako utazibeba wewe mwenyewe. Mwambie kuna mzee huku Tunduma anayemwombea, na ambaye bado hajui kutumia vijiti.

Pendo, mwanangu, weka birika hilo hapa mezani, kisha keti. Umebeba vya kutosha.

Atupele, mke wa Gwamaka. Mimi Yesaya Mbonile nakuita kwa jina lako, mbele ya kaka yangu, mbele ya mchungaji na mbele ya mtaa huu. Wewe ni mtoto wangu. Ukipenda kubaki huko ndani, baki kwa amani. Sitakulaumu, na kesho nitakula kwa kaka Jairo, ambaye ni mpishi mbaya kuliko mimi. Ukipenda kutoka, usiiname na usikimbie. Birika liko hapa, kikombe changu ni hiki, na atakayenimiminia leo ni wewe.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa subira mliyomfanyia mzee mwenye maneno mengi. Nauona mkono kwenye pazia. Tafadhali, mpisheni njia mwenye mgahawa.