Mzee Meshack na Mitutu Iliyoning'inia Jikoni Kwangu

Miaka thelathini na mmoja Mzee Meshack Matonya ametuchosha katika karakana hii ya Mkonze. Tarehe 30 Septemba anastaafu. Mimi Bibi Mwanne, mpishi wenu, nimeambiwa nimwandikie wasifu. Niandike sifa za uongo? Sitaki. Naandika nilichoona.

Kazi yake ni kurudishia weusi bunduki za zamani, zile za mitutu miwili ambazo watu wameachiwa na babu zao. Wenye akili hufukuza kutu, yeye huialika! Anapaka dawa, anangoja kutu itoke, anachemsha mpaka wekundu ugeuke weusi, anasugua kwa brashi, kisha anaanza upya. Wiki nzima! Kobe ana haraka kuliko yeye. Mwaka wake wa kwanza alijaribu njia ya mkato, akachemsha kwa kostiki soda. Lehemu inayoshikanisha mitutu ikaachia, mitutu ikapeana talaka.

Tena kwa ukavu huu wa Dodoma, kutu inagoma kutoka. Basi akahamia jikoni kwangu, akaning'iniza mitutu kwenye mvuke wa maharage. Na kukaanga akapiga marufuku, eti tone la mafuta likirukia chuma linaacha baka. Karakana nzima mkala vya kuchemsha kwa ajili ya bunduki ya mtu!

Kiburi nacho! Wanafunzi wake hawakudumu: Seth alifukuzwa kwa kujipaka mafuta mikononi, Hamza kwa kuuliza, "Bado tu?" Nikamwambia, "Mtani, utazikwa na hiyo brashi?" Akanijibu, "Wewe koroga maharage." Na bosi alishasema: asipopatikana wa kumrithi, meza yake ya kazi inafungwa.

Mwezi uliopita, akiopoa mitutu kwenye maji ya moto, ilimponyoka. Ruthu, fundi wetu wa vitako vya mbao vya bunduki, akaidaka kabla haijagonga sakafu. Mzee akafungua mdomo amtukane. Akaona Ruthu ameidaka kwa kitambaa safi, si kwa mkono mtupu. Akaufunga. Kesho yake brashi ilikuwa mezani kwa Ruthu. Kusema "chukua" kulimshinda, mwanaume mzima!

Leo nilikusudia pilau. Vitunguu vya kukaanga msiniulize, mtakula wali wa maharage. Ruthu ameshaning'iniza mitutu yake jikoni, na marufuku ni ileile.

Ahsante kwa kazi, mtani. Nenda kwako Zuzu salama. Mungu akupe afya, na mkeo akupe vya kukaanga.