Mama Kokoto na Mlima wa Nyuma ya Shule

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa jiografia aliyetutoka Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo. Wanafunzi walimwita Mama Kokoto. Mkoba wake ulikuwa na mawe mengi kuliko vitabu.

Mama Kokoto hakujua kutulia. Alifundisha akitembea, akanywa chai amesimama. Mumewe, fundi cherehani, anasema: “Nikimwambia, mke wangu, hebu kaa, ananijibu, ‘Ardhi yenyewe haikai, mimi nikaeje?’”

Kilichomhangaisha ni mteremko wa nyuma ya shule. Juu udongo mzito unaonyonya maji, chini mwamba unaoteleza. Aliuchora ubaoni miaka minane, akionya kuwa siku moja mvua itauporomosha. Wanafunzi wakapiga miayo miaka minane.

Siku moja akawakuta wamejazana kwenye simu, wanacheza gemu. Hakuwanyang’anya. Alimwendea mdogo wake, fundi wa kompyuta.

“Nitengenezee gemu la mlima wetu huu huu.”

“Dada, mimi natengeneza printa, si milima!”

“Basi leo umepandishwa cheo.”

Ilichukua mwaka. Mchezaji alichimba tabaka kwa tabaka, akaleta mvua, akatafuta dalili: nyufa, nguzo zilizoinama, maji yaliyogeuka tope. Akizikosa, mlima unamfukia.

Mkuu wa shule alinuna. “Watoto wanacheza tu!”

“Waache wafukiwe humo,” alijibu, “wasije wakafukiwa huku.”

Mwaka jana, Alhamisi, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha siku ya tatu, msichana mmoja alisimama katikati ya hesabu. “Mwalimu, mtaro umejaa tope na nguzo za uzio zimeinama. Ni kama kwenye gemu.”

Darasa likaangua kicheko. Mama Kokoto alisikia kutoka chumba cha pili. Hakucheka. Alikimbia, na moyo ule mgonjwa, akapiga kengele kwa mkono wake. Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili wakatoka hadi uwanjani.

Wakaloa. Dakika kumi, kimya. Dakika ishirini, kimya. “Umetuaibisha,” mkuu akamwambia. Mama Kokoto akazunguka, huku na huku.

Kisha mteremko ukashuka. Ulibeba madarasa mawili. Hakuumia mtu. Narudia, wasikilizaji wapendwa: hakuumia hata mtu mmoja.

Watu walimsifu. Yeye sifa zilimchoma. Mdogo wake anasema: “Aliniambia, ‘Zile dakika ishirini, nilitamani mlima uanguke, ili nisionekane mwongo. Nilitamani, mdogo wangu. Mungu anisamehe.’ Hakulisahau hilo mpaka anafumba macho.”

Kwa mumewe, mdogo wake, wanawe wawili na wanafunzi wake wote: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mwenyezi Mungu awape subira, naye ampumzishe pema.

Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize kimyakimya: ni jambo gani ninalolijua, ila nimechoka kulisema?